Mfupa Ukivunjika Lavington, Usikimbilie Basi la Mombasa

Simu ya namna hii wengi wetu tumeipokea. Kijana aliyetoka Kilifi, Kwale au Lamu kwenda kutafuta riziki Nairobi ameanguka. Huenda ni kibarua kwenye majengo ya ghorofa yanayochipuka kila upande wa Lavington. Huenda ni mlinzi wa lango, mpishi, yaya, au mwendesha bodaboda aliyegongwa na gari kwenye Barabara ya James Gichuru. Mguu umefura, hawezi kuukanyaga. Na kabla simu haijakatwa, jamaa huku nyumbani washaamua: "Mtieni kwenye basi usiku huu huu, huku yuko mzee anajua kuunga mifupa."

Uamuzi huo hutoka kwenye mapenzi. Aliyeumia yuko ugenini, hospitali za kule zinasifika kwa gharama, na mzee wa kijijini twamjua. Lakini kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480 za barabara, usiku kucha, mguu umefungwa kwa kikoi na mbao. Wako waliofika salama. Wako pia waliofika na mguu uliokwisha kufa, ukawa ni wa kukatwa. Makala hii inaeleza kinachotokea ndani ya mwili mfupa unapovunjika, hospitali hufanya nini, na kwa nini saa za mwanzo ndizo zinazoamua mengi.

Mfupa hujiunga wenyewe

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba hakuna daktari wala mganga anayeunga mfupa. Mwili ndio unaounga. Mfupa si jiwe wala mti mkavu. Ni kitu hai chenye mishipa ya damu, chenye utando wa nje uliojaa neva, na ndani yake mna uboho. Ndiyo maana ukivunjika huuma na huvuja damu.

Damu hiyo huganda palepale, na bonge lake ndilo mwanzo wa kupona. Siku chache za kwanza mwili husafisha vipande vilivyokufa, na hapo ndipo pafurapo na kupata moto. Kufikia wiki ya pili au ya tatu, bonge limegeuka daraja laini la nyuzi na gegedu, mfano wa kile kinachoshika umbo la sikio. Wiki zinazofuata, madini ya kalisi huingia na daraja likawa gumu. Baada ya hapo mwili huchukua miezi, hata miaka, kulichonga daraja hilo hadi likaribie umbo la zamani. Ngozi ikikatika huacha kovu, lakini mfupa ukiunga vyema huwa mfupa tena.

Ila mwili hauna rula. Vipande vikipishana, utaviunga vivyo hivyo vimepishana, na mguu ukawa mfupi au umepinda. Vikitikiswa kila siku, daraja halishikani, na pahali pasipo na kiungo pakawa panacheza kama kiungo. Damu ikikatika, hakuna kitakachoungwa. Na uchafu ukiingia kupitia jeraha, mfupa huoza kwa ndani na usaha ukatoka kwa miaka.

Kwa hiyo kazi ya mtibabu yeyote ni mambo manne: kujua mfupa umevunjika wapi na vipi, kuunyoosha, kuushika usitikisike, na kulinda damu na nyama zinazouzunguka. Hayo manne ndiyo ya kumpimia kila anayesema anaweza kuunga.

Saa ya kwanza

Anayeanguka kutoka juu au kugongwa na gari asiinuliwe kwa pupa. Ikiwa analalamika shingo au mgongo, au miguu haina hisia, alale palepale bila kupindwa hadi waje watu wenye machela. Uti wa mgongo ukivunjika, kumkunja mtu kwenye kiti cha nyuma cha teksi kunaweza kumalizia kilichobaki. Nambari za dharura ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya hupatikana kwa 1199.

Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi. Mfupa ukichungulia nje, usiurudishe ndani. Funika kwa kitambaa safi basi. Jivu, unga wa kahawa, mafuta na majani ya kusaga vyote vinaingiza uchafu mahali ambapo daktari atahangaika kuusafisha.

Mguu ushikizwe katika hali ulivyo. Banzi za mbao au hata gazeti nene lililokunjwa zatosha, zikifungwa juu na chini ya palipovunjika, si juu yake. Mkono ufungwe leso shingoni. Vua pete na bangili mapema, kwa kuwa vidole vitafura. Na mgonjwa asile wala kunywa kabla ya kuonwa, huenda akahitaji nusukaputi.

Fupa la paja lastahili onyo la peke yake. Likivunjika, lita moja ya damu au zaidi yaweza kumwagika ndani ya nyama bila tone kuonekana nje. Mtu mzima ana lita tano hivi mwilini. Anayetokwa na jasho baridi na kupauka huku paja limefura yuko hatarini. Huyo si wa kutafutiwa tiketi ya basi.

Wala hospitali haiko mbali. Kutoka Lavington hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta, pale Upper Hill, hazifiki kilomita kumi. Nairobi Hospital, ambayo ni ya kulipia, iko karibu zaidi kwenye Barabara ya Argwings Kodhek. Hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo nayo iko Barabara ya Lenana. Na Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Fedha zitazungumzwa, lakini kwanza mtu atibiwe.

Eksirei yaona kisichoguswa kwa mkono

Daktari huanza kwa kuuliza: ulianguka vipi, wapi panauma, unaweza kusimama? Kisha hutazama na kugusa. Hupima mapigo ya damu chini ya palipoumia, na huuliza kama vidole vina hisia na vyaweza kusogea. Hatua hii huchukua dakika chache, na kwayo hujulikana kama mguu bado unapata damu.

Ndipo picha hupigwa. Tangu Mjerumani Wilhelm Röntgen agundue miale ya eksirei mwaka 1895, hatulazimiki tena kubahatisha. Kwa kawaida hupigwa picha mbili, moja ya mbele na moja ya ubavuni, kwa sababu mfupa unaoonekana umenyooka kwa mbele huenda umepishana kabisa ukitazamwa ubavuni. Picha ionyeshe pia kiungo cha juu na cha chini, maana mara nyingine kilichovunjika kwenye muundi kimeambatana na kilichovunjika karibu na goti.

Si kila mvunjiko huonekana siku ya kwanza. Kuna kijifupa kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kinachojulikana kwa kujificha. Mtu akianguka na kujishika kwa kiganja, na maumivu yakabaki hapo, daktari mwangalifu humfunga hata kama picha ni safi, kisha humrudisha apigwe nyingine baada ya siku 10 hadi 14. Majeraha ya uti wa mgongo na nyonga huhitaji mashine kubwa ya CT.

Watoto wana yao. Mfupa wa mtoto hupinda kama kijiti kibichi, ukapasuka upande mmoja tu, na mtu akadhani ni kuteguka. Tena karibu na viungo vyake pana sehemu laini inayokuza mfupa. Sehemu hiyo ikiumia na isitibiwe, mkono unaweza kukua umepinda. Mtoto aliyeanguka na anakataa kuutumia mkono apigwe picha kabla ya kukandwa.

Plasta, uzito na msumari

Mivunjiko mingi haihitaji kisu. Daktari hutia ganzi au nusukaputi, huvuta na kunyoosha, kisha hufunga plasta. Daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen, alitangaza bendeji ya plasta mwaka 1852, na hadi leo wazo ni lilo hilo. Mara nyingi siku za kwanza hufungwa plasta ya upande mmoja tu, ili uvimbe upate nafasi. Plasta ya mzunguko hufuata ukishapungua. Mtulinga nao mara nyingi hutosha kuning'inizwa mkono kwa kitambaa.

Paja na muundi ni habari nyingine. Misuli ya paja ina nguvu, huvuta vipande vipishane. Njia ya kale ni kumlaza mtu na kuuvuta mguu kwa uzito kwa wiki nyingi. Mfupa huunga, lakini mtu hulala miezi, na baba aliyelala miezi ni nyumba isiyo na chakula.

Daktari Mjerumani Gerhard Küntscher aligeuza mambo mwaka 1939 alipoanza kupitisha msumari mrefu wa chuma ndani ya uwazi wa uboho. Msumari hushika mfupa kutoka ndani, na mgonjwa husimama kwa magongo baada ya siku, si miezi. Kwetu tatizo lilikuwa gharama, na mashine ya eksirei inayotakiwa chumba cha upasuaji. Mwaka 1999 huko Richland, Marekani, lilianzishwa shirika la SIGN linalotoa misumari inayoweza kuwekwa bila mashine hiyo kwa hospitali za nchi zenye uhaba. Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, ni miongoni mwa zinazoitumia kwa wingi.

Wako wanaokataa wakisema chuma kitawaletea baridi au mwili utakikataa. Vyuma hivi ni vya aina isiyoshika kutu, na wengi huishi navyo maisha yao yote bila shida. Hatari ya kweli ya upasuaji ni viini kuingia, na ndiyo maana jeraha lazima lifuatiliwe. Mfupa uliotoboa ngozi ni dharura: dawa za kuua viini zianze mara moja, sindano ya pepopunda itolewe, na jeraha lioshwe chumba cha upasuaji. Hapo kila saa inayopotea ni faida kwa viini.

Na mzee wetu wa kuunga mifupa?

Si haki kumdharau. Neno "mganga" lenyewe latokana na kuganga, yaani kuunga kilichovunjika, na gango ni kile kijiti cha kufungia. Wazee hawa walikuwako kabla ya hospitali, na wengi wana mikono yenye ujuzi. Mbavu, mtulinga, au mfupa uliopasuka bila kuhama hupona mikononi mwao, na sasa twajua kwa nini: mwili huunga wenyewe ukishikwa vizuri.

Tatizo ni hayo mengine. Bila picha, mzee haoni vipande vimekaaje. Akikanda palipovunjika huvuruga daraja laini ambalo ndiyo kwanza linajengwa. Na kubwa kuliko yote ni kukaza. Mguu uliovunjika hufura kwa siku mbili tatu za kwanza. Ukifungwa banzi kwa kamba iliyokazwa, uvimbe hauna pa kwenda, hurudi ndani na kuibana mishipa ya damu. Nyama ikikosa damu kwa muda wa saa sita hivi huanza kufa. Mwisho wake ni donda ndugu, na mguu hukatwa kwa sababu ya kamba ilhali mfupa ungepona.

Nchini Ethiopia madaktari waliona watu wengi wakikatwa viungo kwa sababu hiyo. Badala ya kuwatukana waunga mifupa, waliwaita wakawapa mafunzo mafupi: msikaze, tazameni vidole, mleteni mapema mwenye jeraha. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Uingereza la upasuaji wa mifupa ilieleza kwamba waliokatwa viungo walipungua. Kaunti zetu za Pwani zingefaa kuiga. Mzee anayejua lini aseme "huyu mpelekeni hospitali" ataokoa miguu mingi kuliko bango lolote la Wizara ya Afya.

Tena hatari ya kukaza haiko kwa mzee peke yake. Plasta ya hospitali nayo yaweza kubana, na hata mguu usiofungwa chochote waweza kujibana wenyewe kwa uvimbe. Kila aliyefungwa azijue dalili hizi:

- Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyosikia dawa.
- Maumivu makali mtu akikunyoosha vidole taratibu.
- Ganzi, au hisia ya kuchomwachomwa na sindano.
- Vidole vilivyopauka, vya bluu au baridi.
- Kushindwa kusogeza vidole.

Ukiona hizi, inua simu na uende hospitali saa hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku wa manane. Usingoje asubuhi. Sasa fikiria dalili hizo zikimshika kijana wetu basini usiku, amelala kwa dawa ya maumivu. Nani atavitazama vidole vyake?

Bibi aliyeteleza bafuni

Kuna mvunjiko mwingine unaoua kimya kimya, nao ni wa nyonga ya mzee. Bibi huteleza bafuni au akienda kutawadha. Hawezi kusimama, mguu mmoja unaonekana mfupi na umegeukia nje. Watoto husema, "Umri huu upasuaji wa nini, mwacheni apumzike."

Kupumzika huko ndiko kunakomwua. Mzee aliyelala bila kugeuka hupata vidonda vya mgongo, homa ya mapafu, na damu kuganda miguuni. Madaktari hupendekeza afanyiwe upasuaji ndani ya siku moja au mbili ikiwezekana, ili aketi na asimame mapema. Umri peke yake si sababu ya kumnyima.

Mifupa ya wazee huwa myepesi, hasa kina mama waliokoma hedhi. Taa ya usiku, sakafu isiyoteleza na kitu cha kushikia bafuni ni kinga rahisi. Jua nalo lina kazi, kwa kuwa ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa nalo. Mama anayeshinda ndani, na akitoka amejifunika buibui, angefaa kukaa uani mwake na mikono wazi kila siku kwa muda mfupi.

Muda, chakula na mazoezi

Watu huuliza, "Nitapona lini?" Kwa mtu mzima, kidole huchukua wiki tatu hadi nne, kifundo cha mkono wiki sita hivi, muundi na paja miezi mitatu au zaidi. Watoto huunga haraka zaidi. Wavutao sigara huchelewa sana, na wenye kisukari kisichodhibitiwa vilevile.

Supu ya makongoro ni chakula kizuri, lakini haibandiki mfupa. Kalisi nyingi hubaki ndani ya mifupa iliyochemshwa. Dagaa wanaoliwa wazima, maziwa, simsim, mboga za majani, maharage, mayai na samaki ndivyo vinavyompa mwili mali ya kujengea.

Vidole visogezwe tangu siku ya kwanza. Plasta ikitolewa, kiungo kitakuwa kigumu na msuli umenywea. Hapo ndipo mtaalamu wa fiziotherapia anapohitajika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mfupa ulioungana kwenye goti lisilokunjika ni kazi iliyoachwa nusu.

Haki yake asiiache Nairobi

Kijana anayepakiwa basini usiku huacha nyuma jambo jingine, yaani ushahidi. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amlipe fidia mfanyakazi aliyeumia kazini na agharamie matibabu yake. Basi mwajiri aarifiwe mapema, mashahidi wajulikane, na karatasi za hospitali na picha za eksirei zihifadhiwe. Aliyegongwa barabarani aandikishe ajali polisi. Na kila mtu ajisajili na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, kabla hajavunjika.

Kurudi nyumbani si kosa, ila kuwe na utaratibu. Kwanza aonwe pale alipoumia, anyooshwe, ashikizwe, damu ithibitishwe inapita, na uvimbe upite. Daktari akiruhusu, aje na picha zake, ahudhurie kliniki Hospitali ya Rufaa ya Pwani pale Makadara, au ya kaunti yake. Mama atamwuguza, na mzee wetu aje amjulie hali na kumwombea dua.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Basi simu ijayo ikilia kutoka Lavington, jibu la kwanza lisiwe "mtieni kwenye basi." Liwe swali: "Vidole vyake vina joto, na vinasogea?" Kisha: "Mpelekeni Kenyatta sasa hivi, nasi twaja."